Mafunzo Niliyopata Nilipoweka Maelekezo Kwenye Gemu ya Singeli

Gemu yenyewe ni ndogo: muziki unapigwa, alama zinashuka kwenye kioo cha simu, unagusa alama ikifika kwenye mstari. Mtindo huu una miaka mingi. PaRappa the Rapper ilitoka Japani mwaka 1996, Dance Dance Revolution ikafuata 1998. Yangu ni ya singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam; nimeitengeneza hapahapa jijini, Ukonga, kwa Godot, programu isiyo na malipo. Kupanga midundo hakukunichosha. Kilichonikalisha ni kumfundisha mtu acheze bila mimi kusimama pembeni yake.

1. Mkono ukiwa kazini, jicho halisomi.
Singeli huenda mapigo 200 kwa dakika na kupanda, nyingine hadi 300. Kwenye mapigo 200, kutoka pigo moja hadi lingine ni milisekunde 300 tu. Muda huo hautoshi kusoma "gusa duara linapofika kwenye mstari mwekundu", hata uwe mwalimu wa Kiswahili. Vijana wa kijiweni Mombasa (ya kwetu Ukonga, si ile ya Kenya) waliyapita maandishi kama hayapo, wakaanza kugusa. Wana haki. Sasa kila agizo ni neno moja: Gusa. Shikilia. Telezesha. Na linatokea juu ya alama yenyewe, maana macho yako pale tayari.

2. Punguza kazi, usipunguze kasi.
Ukiishusha singeli hadi mapigo 100 ili mgeni aelewe, haiwi singeli tena; kijana mmoja aliuliza kama spika imekufa. Dawa yake ni kuuacha muziki ukimbie, ila mchezaji aguse mara moja tu katika kila mapigo manne. Hapo anapata sekunde 1.2 za kujipanga. Akizoea, mara mbili. Kisha kila pigo.

3. Aikoni icheze kwa saa ya muziki.
Hili ndilo kubwa kuliko yote. Aikoni yangu ni kidole kinachoshuka na kuinuka. Njia rahisi ni kukipa kidole saa yake: badilisha picha kila baada ya muda fulani, basi. Lakini simu ya bei nafuu ikielemewa, picha hukwama huku muziki ukiendelea, na baada ya muda kidole kinashuka katikati ya mapigo. Mchezaji mgeni hukiamini kidole kuliko sikio lake, kwa hiyo kidole kilichochelewa kinamfundisha kuchelewa. Dawa ni kuuliza muziki, kila fremu, umefika sekunde ya ngapi, halafu kuchagua picha ya kidole kwa jibu hilo. Godot inakupa nafasi ya wimbo, pamoja na makadirio ya muda ambao sauti huchukua hadi kutoka kwenye spika. Muda huo unautoa. Spika za bluetooth huchelewesha zaidi, na kila moja kwa namna yake. Ndiyo maana kabla ya maelekezo nimeweka ukurasa wa kupima: gusa ukifuata mdundo, gemu ijirekebishe.

4. Umbo kwanza, rangi baadaye.
Jua la saa saba, mwanga wa simu umepunguzwa kutunza chaji, kioo kina ufa. Nyekundu na chungwa hapo ni ndugu. Duara la kugusa, duara lenye mkia la kushikilia, mshale wa kutelezesha, vyote vina mistari minene.

5. Tangulia, naye afuate.
Mdundiko wa Wazaramo ukipita mtaani, watoto huingia nyuma na kuangalia miguu ya walio mbele. Hakuna anayesimama kuwaeleza. PaRappa nayo hufanya hivyo: mwalimu anaanza, wewe unarudia. Kwangu kidole hucheza kipande kifupi peke yake, kisha kinampisha mchezaji. Na kwa kuwa kijiweni simu moja huzunguka mikononi mwa watu wengi, haitoshi kuonyesha maelekezo siku ya kwanza tu. Mchezaji akikosa mfululizo, kidole hurudi chenyewe. Anayejua abonyeze Ruka.

6. Ieleweke hata bila sauti.
Gemu ya muziki bila sauti inachekesha, najua. Lakini Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko jirani, na ndege ikipaa hakuna singeli inayosikika. Kwenye daladala la Gongo la Mboto wengi huzima sauti kabisa. Kwa hiyo ukingo wa kioo humweka kwa kila pigo, na simu hutetemeka kidogo alama inapofika kwenye mstari. Kama nawe unatengeneza gemu ya namna hii, zima sauti, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona, halafu usimwambie kitu.