Kisukari cha miaka mingi: Je, sahani inaweza kufanya kazi ya kidonge?

  

Ndugu Muislamu, hapa Kigamboni ukikaa barazani baada ya swala ya Isha, hutakosa kusikia habari ya sukari. Huyu amegunduliwa nayo, yule amekatwa kidole cha mguu, mwingine macho yamefifia hasomi tena Mas-haf. Wakati huohuo zinatembea habari za watu "waliopona kabisa" kwa kuacha ugali, kwa kufunga, au kwa dawa ya chupa. Mzee mmoja anayehudhuria darasa langu, mwenye kisukari kwa miaka 17, aliniuliza mbele ya wenzake: "Ustadhi, mimi nikiendelea kumeza vidonge na kujidunga, si ndiyo nimekosa tawakkul? Nimeambiwa Muislamu wa kweli anajitibu kwa asali na funga."

Swali hilo lina mambo mawili ndani yake: la tiba na la dini. Makala haya yanajaribu kuyajibu yote mawili, kwa kuwa jibu la kosa katika lolote kati ya hayo linaweza kumgharimu mtu uhai wake.

TUMEFIKAJE HAPA?

Utafiti wa Profesa McLarty na wenzake katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu mzima 1 katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Si watu walewale wala maeneo yaleyale, lakini mwelekeo unaonekana.

Sababu tunaziona kwa macho. Aliyekuwa akitembea kutoka Tungi hadi Feri leo anapanda bajaji. Asubuhi ni chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi, mchana ni mlima wa wali, jioni chipsi, na katikati soda. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai.

Kisukari cha aina ya pili hakiji ghafla. Mwili ukipewa chakula kuliko unachotumia, mafuta hujaa, na kwa baadhi ya watu hujaa ndani ya ini na kongosho. Ini lililojaa mafuta haliisikii vizuri insulini, hivyo huendelea kumwaga sukari katika damu. Kongosho, linalotengeneza insulini hiyo, hulazimika kufanya kazi zaidi na zaidi mpaka linachoka. Kadiri miaka inavyopita ndivyo uwezo wake unavyopungua. Ndiyo maana aliyeanza na kidonge kimoja hujikuta baada ya miaka 10 au 15 anatumia insulini.

MTUME (SAW) ALITUTANGULIA

Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Allah (SW) ametuamrisha kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na katika Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (RA) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (SAW) amefundisha kuwa hakuna chombo kibaya ambacho mwanadamu hukijaza kuliko tumbo lake. Matonge machache ya kumpa nguvu yanamtosha. Ikiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi aiachie pumzi.

Ni wangapi kati yetu tunaoisoma Hadithi hii mimbarini kisha tukaelekea kwenye walima tukarudi hatuwezi kuinama kufunga viatu?

UTAFITI UNASEMA NINI?

Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kisukari hakirudi nyuma. Mwaka 2017 yalichapishwa huko Uingereza matokeo ya utafiti ulioongozwa na Profesa Roy Taylor na Profesa Mike Lean. Wagonjwa waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka 6, na ambao hawatumii insulini, walipewa chakula cha kalori zinazokaribia 850 tu kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 68 kati ya 149, yaani asilimia 46, sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa yoyote. Waliopunguza kilo 15 au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 86. Huko Qatar, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa miaka 18 hadi 50, waliougua kwa muda usiozidi miaka 3, ulipata mafanikio ya asilimia 61 kwa waliobadili chakula na kufanya mazoezi, dhidi ya asilimia 12 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Hapa kwetu, mafunzo ya Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, yamewafanya watu wengi wajadili sukari, wanga na idadi ya milo kwa siku. Wapo waliomcheka. Lakini msingi wa maneno yake, kwamba tunakula kupita haja zetu, Muislamu hapaswi kuuona mgeni.

JE, ALIYEUGUA MIAKA 17?

Hapa ndipo wengi wanapopotoshwa. Habari za mafanikio zinazosambaa aghalabu ni za watu waliougua kwa muda mfupi. Mwaka 2015 timu hiyohiyo ya Profesa Taylor ilichapisha matokeo ya kundi dogo la watu 29 waliokula chakula kidogo sana kwa wiki 8. Kati ya waliougua chini ya miaka 4, asilimia 87 walirudi katika kiwango cha sukari cha mtu asiye na kisukari. Kwa waliougua zaidi ya miaka 8 ilikuwa nusu tu.

Tuyasome matokeo haya kwa uadilifu. Nusu si haba, kwa hiyo mwenye kisukari cha miaka mingi asikatishwe tamaa. Lakini nusu nyingine walipunguza uzito vilevile na sukari haikufika kwenye kiwango hicho. Si kwamba imani yao ilikuwa dhaifu au walikula kwa siri. Kongosho lililochoka kwa miaka mingi huenda lisiwe na nguvu ya kuinuka tena. Hata hivyo hao nao hawakupoteza kitu. Uzito ukipungua, shinikizo la damu aghalabu hushuka, dawa huweza kupunguzwa, na moyo hupumua.

Vilevile tuchunge neno "kupona". Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kuwa kisukari kinahesabika kimetulia pale kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kinapokuwa chini ya asilimia 6.5, kwa muda usiopungua miezi 3 baada ya kuacha dawa. Wakachagua neno la kutulia, si la kupona. Bahari ikipwa pale Feri hakuna anayesema imekauka. Uzito ukirudi, sukari nayo hurudi. Kwa hiyo hata aliyefanikiwa aendelee kupima.

HATARI YA KUBADILI CHAKULA KIMYAKIMYA

Yule mzee wa darasani alianza kupunguza chakula bila kumwambia daktari wake. Aliacha wali na ugali, akala mara moja kwa siku, huku dozi ya insulini na vidonge ikiwa ileile. Siku ya tisa, kabla ya Alfajiri, mkewe alimkuta amelowa jasho, anatetemeka na kujibu maneno yasiyoeleweka. Sukari ilikuwa 2.6. Alhamdulillah, mama yule alikuwa na akili ya kumpa maji ya sukari upesi kabla hajapoteza fahamu.

Jambo hili halina miujiza. Insulini, na vidonge vinavyolisukuma kongosho kama glibenklamaidi, hupimwa kulingana na chakula. Ukiondoa chakula na kuiacha dawa, sukari itaporomoka. Kwa hiyo dawa hupunguzwa, lakini anayeipunguza ni daktari, kwa vipimo, tangu siku ya kwanza ya kubadili chakula.

Kila nyumba yenye mgonjwa ijue dalili hizi: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa chini ya 4, apewe vijiko vitatu vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwenye kisukari cha miaka mingi aangaliwe pia macho na figo kabla ya kuanza. Sukari ya juu ikishushwa kwa kasi, jicho lililokwisha kudhurika linaweza kuzidi kuharibika kwa muda. Na mwenye figo dhaifu akiambiwa ale nyama tu, anaongezewa ugonjwa juu ya ugonjwa.

TAWAKKUL SI KUTUPA DAWA

Sasa tuje kwenye upande wa dini. Katika Hadithi ya Usama bin Sharik (RA), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kuhusu kujitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Aliyemuuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Allah, aliambiwa amfunge kisha ategemee. Kidonge cha mgonjwa ndiyo kamba ya ngamia wake.

Ama asali, Allah (SW) ametaja katika Suratun Nahl, aya ya 69, kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Tunaamini hivyo bila shaka. Lakini aya haikusema kila mgonjwa anywe kila kiasi. Asali ni sukari kwa sehemu kubwa, nayo humpandisha mgonjwa wa kisukari. Kuhusu habbat sawda, Imamu Al-Khattabi alikwisha kueleza kuwa tamko la "kila ugonjwa" katika Hadithi yake ni la jumla lililokusudiwa umahsusi. Wanazuoni hawakuwa na pupa tuliyo nayo sisi.

Mwaka 2011 nchi nzima ilishuhudia misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichodaiwa kutibu kisukari pamoja na maradhi mengine makubwa. Tuliyasema sana yale. Je, leo muuzaji akivaa kanzu, akasoma aya mbili na kumwambia mgonjwa atupe insulini, tofauti yake na kikombe ni ipi?

SAHANI YA KWETU

Tukishapanga na daktari, kazi iliyobaki ni ya jikoni, na haihitaji vyakula vya gharama kubwa:

1. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, kabichi.

2. Robo iwe samaki, dagaa, yai, kuku, maharage au kunde.

3. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga: ugali wa dona usiozidi ngumi yako, au wali kidogo, au kipande cha muhogo. Si vyote pamoja.

4. Chai iwe bila sukari. Soda, juisi za sukari na juisi ya miwa ziachwe kabisa, ila za kumwokoa aliyeshukiwa na sukari.

5. Familia nzima ile hivyo. Mgonjwa anayepikiwa peke yake huku wenzake wanakula biriani mbele yake hadumu mwezi.

6. Tembea. Kama msikiti uko karibu, nenda kwa miguu, urudi kwa miguu.

NA FUNGA JE?

Funga ni ibada, na ina manufaa. Lakini utafiti wa mwaka 2001 katika nchi 13, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matukio makali ya kushuka sukari yaliongezeka mara 7 na nusu katika Ramadhani. Allah (SW) amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kuikubali ruhusa ya Mola wako ni utiifu. Anayetaka kufunga, iwe ya Ramadhani au ya Jumatatu na Alhamisi, amuone daktari wiki kadhaa kabla. Apime sukari mchana, na kujitoboa kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, afungue.

Wakati wa kufuturu, tende ziwe moja hadi tatu, si sahani nzima, na futari isiwe muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati kwa mkupuo.

HITIMISHO

Yule mzee hivi sasa yuko chini ya daktari mwezi wa saba. Amepungua kutoka kilo 94 hadi 83, na insulini yake imekatwa zaidi ya nusu. Vidonge bado anameza. Watu wakimuuliza kama amepona, hujibu kuwa amepata nafuu, na nafuu nayo ni neema ya kushukuriwa.

Ndugu zangu, jibu la swali letu ni hili: sahani inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kidonge, na kwa baadhi ya watu yote. Nani atapata kiasi gani, hujulikana kwa kipimo, si kwa kudhani wala kwa maneno ya muuzaji. Mwili huu ni amana. Allah (SW) ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Anayejaza tumbo kila siku anajitupa, na anayetupa dawa zake bila elimu naye anajitupa.

Maimamu na walimu wa madrasa, tulifanye hili kuwa somo. Waalikeni wahudumu wa afya baada ya swala wapime watu sukari. Wengi wanaougua hawajijui, na anayegundulika mapema ndiye mwenye fursa kubwa zaidi ya sukari yake kutulia.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kula kwa kiasi na kushukuru. Amin.