Nizuie hedhi nifunge Ramadhani yote?

SWALI: Nina watoto wawili, naishi Garissa. Naweza kumeza vidonge vya majira nisipate hedhi Ramadhani? Damu haitajaa tumboni?

JIBU: Damu haijai popote. Vidonge huufanya utando wa mji wa mimba ubaki mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Katika pakiti ya vidonge 28, meza 21 vyenye dawa, ruka 7 visivyo na dawa, kisha anza pakiti nyingine bila kupumzika. Anza miezi miwili kabla ya mfungo, maana mwanzoni matone hutokea. Ramadhani, meza baada ya futari.

Sindano ya miezi mitatu siipendekezi kwa haja hii. Mwanzoni huleta matone ya ovyo, yaleyale unayoyakimbia, na mimba huweza kukawia ukishaiacha.

Pima presha kwanza. Ikiwa iko juu, uliwahi kuganda damu mguuni, una kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli, au unanyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, vidonge hivi si vyako. Kudaiwa siku za mfungo si ugonjwa, zitalipwa.

Kama unachokimbia hasa ni maumivu, sema wazi. Wanawake wengi Garissa, Wajir na Mandera walikeketwa na kushonwa utotoni, wengine wakashonwa tena baada ya kujifungua, na damu hupita kwa shida. Vidonge havifungui njia, daktari hufungua. Sheria ya 2011 iliharamisha ukeketaji, si kumtibu aliyekeketwa.