R+4 ni ghorofa ngapi?

Katika Makiso, katikati ya Kisangani, mbao za ujenzi huandikwa kwa Kifaransa. Kwenye nyingi utaona alama fupi: R+2, R+3, R+4. Herufi R ni ya rez-de-chaussée, sehemu iliyo sawa na barabara. Namba inayofuata ni ya étage zilizo juu yake. Kwa hiyo R+4 ina sakafu tano. Mhandisi analijua hilo. Anayeweza kukosea ni mfasiri, na mwaka jana mfasiri huyo nilikuwa mimi.

Mwenye jengo mmoja aliniomba nitafsiri tangazo la vyumba vya ofisi na stoo. Palipoandikwa deuxième étage niliweka "ghorofa ya pili", nikaona kazi imekwisha. Mama mmoja muuza vitenge, aliyekuwa bado Bunia, akalisoma na kutuma garanti kabla hajafika. Alipofika akakuta ngazi mbili za kupanda, na magoti yake yalikuwa yanamuuma.

"Mwanangu," aliniambia, "ya kwanza si hii tuliyosimama?"

Sikuwa na jibu. Alirudishiwa nusu tu ya pesa zake.

Tulitazame neno lenyewe. Ghorofa, ambalo wengine hutamka orofa, limetoka katika Kiarabu: ghurfa, yaani chumba, na katika Kiarabu cha kale chumba cha juu hasa. Maana hiyo ya "juu" bado ipo. Nyumba isiyo na ngazi haiitwi nyumba ya ghorofa. Ukisema "nyumba ya ghorofa moja", wengi wataelewa kuna chini na kuna juu. Hapo Kiswahili kinahesabu kama Kifaransa. Lakini tunapotaja majengo marefu, mara nyingi tunahesabu sakafu zote, ya chini ikiwemo. Neno ni moja, hesabu ni mbili. Tena hapa kwetu wengi husema etaje, na hivyo mazoea ya Kifaransa huingia pamoja na neno.

Je, hili ni jambo dogo? Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Ilielezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Kosa lile halikuwa la tafsiri. Lakini linatukumbusha kwamba msingi na nguzo hupimwa kwa idadi ya sakafu, na kwamba idadi hiyo huandikwa kwa maneno kwenye karatasi kabla ya kuandikwa kwa saruji.

Mji wetu unaanza kupanda juu. Mikataba, vibali na matangazo vitatufikia sisi wa kitivo cha lugha. Pendekezo langu ni hili. Kwa jengo zima, R+4 tuitafsiri "sakafu tano: ya chini na nne za juu". Kwa mahali ndani ya jengo, tusiseme "ghorofa ya pili" peke yake. Tuongeze "juu ya ngazi mbili kutoka barabarani". Sentensi inarefuka kidogo, lakini mama wa vitenge angejua, akiwa bado Bunia, anapangisha nini.