SOMO LETU: PAMPU YA MAJI YA GARI LA KIKUNDI

Baadhi ya vikundi vyetu vina pikapu moja kuukuu iliyokwisha kutembea kilomita laki mbili, laki tatu. Ni hiyo hiyo inayopeleka maziwa na mahindi sokoni, na mgonjwa hospitalini usiku. Leo tujifunze juu ya pampu yake ya maji.

Pampu hukaa mbele ya injini na huzungushwa na mkanda. Inasukuma maji yapite ndani ya injini, yachukue joto, kisha yarudi kwenye rejeta kupoa. Ndani yake mna beringi na sili. Sili ikichakaa, maji hudondoka kupitia kitundu kidogo kwenye pampu.

Katika kikundi kimoja tulichotembelea, maji yalianza kudondoka. Kamati ikasema, "Aah, tutaongeza tu." Dereva akawa anabeba jerikeni kila safari. Siku moja injini ikachemka mlimani, hedi ikapinda. Gharama ikawa mara nyingi kuliko bei ya pampu. Gari likalala, na kina mama wakarudia kubeba magunia mgongoni. Kumbe usipoziba ufa, utajenga ukuta.

DALILI
Maji chini ya gari asubuhi. Mlio wa kukwaruza mbele ya injini. Puli inayotikisika ukiishika injini ikiwa imezimwa. Mshale wa joto kupanda.

KUBADILISHA
1. Ngoja injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, mvuke utakuchoma.
2. Ondoa waya wa betri. Mwaga maji kwenye karai. Kulanti ni tamu lakini ni sumu. Mbuzi, mbwa na watoto wasiionje.
3. Legeza mkanda, toa feni na mipira.
4. Bolti za gari kuukuu hushika kutu. Tia mafuta, ngoja, usilazimishe. Zipange kwenye katoni jinsi zilivyokaa, maana huenda urefu si mmoja.
5. Linganisha pampu mpya na ya zamani. Kwangua gasketi ya zamani yote bila kuchimba chuma, kisha weka mpya.
6. Kaza bolti kidogo kidogo, kwa kupishana.
7. Jaza kulanti na maji safi, si ya mtoni yenye matope. Washa, toa hewa, angalia kama panavuja.

Badilisheni mkanda na mipira iliyochoka wakati huo huo, kwa kuwa kazi ni ile ile. Lakini kama pampu huzungushwa na mkanda wa taiming, mwiteni fundi anayeujua. Ukikosewa, injini inaweza kuharibika.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Nani hutazama maji na mafuta kila asubuhi? Je, anaandika?
2. Dereva akileta habari ya kasoro, tunamsikiliza au tunamwona msumbufu?
3. Kila safari tunaweka kando shilingi ngapi za matengenezo?

Mali ya kikundi ni amana tuliyokabidhiwa. Tuitunze kabla haijalala.