Daktari Akikuuliza Habari za Pombe, Mjibu

Msomaji wetu, tuchukue mfano wa Jumamosi usiku. Kijana anatoka kustarehe Mtwapa, amepanda bodaboda, anavuka daraja kurudi kwake Shanzu. Kabla hajafika, pikipiki inagongwa kwenye barabara kuu ya Malindi na mguu wake unavunjika. Anapelekwa kasualti, kama tulivyozoea kukiita kitengo cha dharura. Anapigwa picha, anafungwa plasta, anapewa dawa ya maumivu na kitanda. Kila aliyemhudumia ameisikia harufu ya pombe mdomoni mwake, lakini hakuna aliyemuuliza lolote.

Siku ya pili mikono yaanza kutetemeka. Jasho lamtoka, moyo wamwenda mbio, usingizi hana. Usiku wa siku ya tatu anaona watu ukutani, anang'oa dripu na kutaka kuteremka kitandani na mguu wake uliovunjika. Jamaa zake wanasema ana jini. Mwingine anasema ni malaria iliyopanda kichwani. Kumbe huu ni mwili uliozoea pombe kila siku, nao umenyimwa ghafla.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili lina saa zake. Kwa kawaida mtetemeko huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili. Kuweweseka kwenyewe, ambako huweza kuua kusipotibiwa, hutokea aghalabu siku ya pili hadi ya nne. Matibabu si ya ajabu: diazepamu kwa kipimo anachokijua daktari, vitamini B1, maji na uangalizi wa karibu. Kinachohitajika ni mtu mmoja kuuliza mapema.

Utasema, si harufu imetosha? Haitoshi. Mtu aliyekunywa mara moja kwa mwaka, arusini, atanuka pombe. Aliye mtumwa wa pombe aweza kufika saa nne asubuhi bila harufu yoyote. Tena harufu yenyewe humpoteza daktari. Mgonjwa aliyelala fofofo huambiwa "mwacheni pombe imtoke", kumbe damu yavujia ndani ya fuvu, au sukari imeshuka mno. Ndiyo maana wanaofunzwa kazi ya dharura huambiwa kwamba mlevi aliyeumia kichwa ni majeruhi kwanza, ulevi baadaye.

Njia bora kuliko pua ipo, na Kenya ilikuwa na mkono katika kuitengeneza. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifanya utafiti katika nchi sita, yaani Australia, Bulgaria, Kenya, Mexico, Norway na Marekani, kwa wagonjwa karibu 1,900. Kutokana nao yalipatikana maswali 10 yaitwayo AUDIT, ambayo taarifa yake ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 1993. Huulizwa wanywa mara ngapi, kiasi gani, kama umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili upate nguvu, kama wewe au mwingine ameumia kwa sababu ya unywaji wako, na kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kukuhofia. Majibu hupewa alama, jumla 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji una hatari. Kuanzia 20 daktari hushuku kwamba pombe imekwisha kukutawala, na uchunguzi zaidi hufuata.

Hapa kwetu kuna tatizo la vipimo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo, nazo zaweza kuhesabika. Lakini mnazi? Wa asubuhi ni mtamu, na kadiri jua linavyokwenda ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Mtu wa mangweni akikwambia "nakunywa chupa mbili tu", hujajua kitu mpaka umuulize chupa gani na saa ngapi. Daktari aliyesomea Nairobi na kuletwa Pwani hana budi kufunzwa hilo pia.

Na mafunzo ndiyo kiini cha makala haya. Maswali kumi kila mtu aweza kuyasoma kwenye karatasi. Kazi ni kuyauliza. Ukimwambia mgonjwa "Wewe ni mlevi?", jibu ni moja tu. Ukimwuliza kijana wa Kiislamu mbele ya mamake, atasema hajaionja tangu azaliwe, na usimlaumu. Daktari, afisa wa kliniki au muuguzi hufunzwa kusema kwanza, "Mama, tupishe kidogo," kisha kumwomba mgonjwa ruhusa, kisha kuuliza kwa sauti ileile anayoulizia kisukari.

Akigundua tatizo, hahubiri. Humwuliza mgonjwa: kutoka 1 hadi 10, uko tayari kiasi gani kupunguza? Mgonjwa akisema 3, daktari hamwambii ni kidogo. Humwuliza, "Mbona hukusema 1?" Hapo mgonjwa hulazimika kutaja mwenyewe sababu zake: kazi ya hoteli iliyo hatarini, karo, mke aliyerudi kwao. Neno alilojitamkia mtu lina uzito kuliko la daktari.

Je, hufaa? Seattle, Marekani, mwaka 1999 Larry Gentilello na wenzake walieleza kwamba majeruhi waliopewa mazungumzo mafupi ya aina hii walirudi na majeraha mapya kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao. Karibu na sisi, hospitali ya KCMC mjini Moshi, takriban majeruhi 3 kati ya 10 waliopimwa kitengo cha dharura walikutwa na pombe. Huko wauguzi walifunzwa mazungumzo hayo kwa Kiswahili, na mpango ukaitwa "Punguza Pombe Kwa Afya Yako". Angalia kwamba ni wauguzi. Maoni yangu ni kwamba hata hapa tusiwangoje madaktari bingwa, kwani usiku wa manane wa kwanza kukupokea mara nyingi ni muuguzi au afisa wa kliniki.

Wako wanaoficha kwa kuhofia kwamba jibu litaandikwa kwenye fomu ya P3 au litamfikia mwajiri. Una haki ya kuuliza kabla ya kujibu: jambo hili litaandikwa wapi, na nani atalisoma? Ukiona watu wengi karibu, omba faragha.

Lakini ikiwa wanywa kila siku, lipo moja usilolificha hata kama mengine umeyanyamazia, nalo ni saa uliyokunywa mara ya mwisho. Mwambie muuguzi unapolazwa. Kama ni mgonjwa wako naye hawezi kusema, sema wewe. Na aliyetambua akiwa nyumbani kwamba hulala na kuamka na pombe, asiikatize kwa siku moja peke yake. Aende kituo cha afya kwanza, au apige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.