Si kila safari ni ya kuacha wakati wa maradhi

MSOMAJI mmoja wa Ukunda ameniuliza swali ambalo nadhani wengi walijiuliza kimyakimya mwaka 2020. Anaishi na mama yake mzee mwenye kisukari. Je, maradhi mengine kama Korona yakizuka, atajuaje aende wapi na asiende wapi, ilhali hawezi kufunga duka lake wala kukosa kumzika jirani?

Ni swali la haki, na sisi madaktari hatukulijibu vyema wakati ule. Tulisema "kaeni nyumbani", tukanyamaza. Mwenye mshahara na friji aliweza. Mchuuzi wa samaki wa Gazi angekaa nyumbani siku ngapi?

Utakumbuka mambo yalivyokuwa. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ilianza Machi 27, na Aprili 8 serikali ikazuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi. Wakati huo tulikazana kunawa mikono na kupangusa vitasa vya milango. Mikono misafi ni muhimu, lakini sasa inafahamika kwamba Korona huenea zaidi kwa hewa tunayovuta.

Chukua mfano wa chetezo cha udi. Ukikiweka barazani, moshi unachukuliwa na upepo na anayepita huenda asinuse kitu. Kiweke chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, na baada ya nusu saa harufu imeshika hata mapazia. Pumzi ya mgonjwa ni vivyo hivyo. Kwa hivyo kabla ya kutoka jiulize: huko niendako kuna upepo? Nitakaa muda gani? Watu watakuwa wangapi, na watakuwa kimya au watapaza sauti? Anayeimba au kupiga vigelegele hutoa chembechembe nyingi kuliko aliyenyamaza.

Mfano mmoja ulishangaza ulimwengu. Machi 10, 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu katika jimbo la Washington, Marekani. Watu 53 kati yao waliugua na wawili wakafariki. Ilhali walikuwa wameshaanza kujihadhari.

Sasa turudi kwetu. Kutembea ufuoni Diani asubuhi, pepo zikivuma kutoka baharini, ni miongoni mwa matembezi salama kabisa, na yanamfaa mwenye kisukari. Kununua mboga kwenye vibanda vya nje kwa dakika kumi si jambo la kukutisha sana. Matatu ni habari nyingine. Kutoka Ukunda hadi Likoni ni takriban kilomita 30. Serikali iliagiza gari la abiria 14 libebe wanane tu, na hilo lilisaidia, lakini dirisha lililo wazi pia lina kazi yake. Kila mara kuna abiria anayeomba lifungwe kwa sababu ya upepo. Mkatalie kwa adabu. Feri yenyewe ina hewa, shida ni msongamano wa kuingia. Kafyu iliuzidisha, maana kila mtu alitaka kuvuka kwa saa ileile. Ukiweza kuvuka saa nne asubuhi badala ya saa kumi na moja jioni, safari ni hiyohiyo lakini hatari imepungua.

Kadhalika, hatari hujumlishwa. Aliyekwenda kazini, akapitia arusini, kisha akaketi saa mbili kutazama kandanda katika chumba kilichojaa, amepiga bahati nasibu mara tatu kwa siku moja. Ukijua Jumamosi una arusi ambayo huwezi kuikosa, acha kandanda ya Alhamisi. (Kampeni za uchaguzi mdogo wa Msambweni wa Desemba 15, 2020 zilivuta watu wengi. Sijui ni wangapi waliporudi nyumbani walimfikiria bibi aliyebaki.)

Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo liliniumiza zaidi. Nilikuwa na mgonjwa wa shinikizo la damu, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye hakukosa kliniki hata mara moja kwa miaka minne. Korona ilipoingia aliogopa hospitali. Dawa zilipokwisha hakurudi kuchukua nyingine. Alipoletwa mwezi wa tano tangu aache, upande wa kulia ulikuwa umepooza na hakuweza kusema. Hakuwa na Korona. Mwanawe aliniambia kwamba katika miezi hiyo mzee alihudhuria matanga matatu, akilala hukohuko, chumba kimoja na wenzake. Aliacha safari ya nusu saa iliyokuwa ikimlinda, akafanya zile zilizokuwa na hatari. Nami sikuwa nimempigia simu hata mara moja.

Kwa hiyo ziko safari ambazo hazingoji maradhi yaishe. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, hasa huku kwetu pwani. Chanjo za watoto, kliniki ya wajawazito, dawa za kisukari, presha, kifua kikuu na Ukimwi, zote ni za lazima. Mwambie muuguzi ungependa kungoja nje, chini ya mti, uitwe zamu yako ikifika.

Tahadhari moja: hesabu hii ni ya maradhi ya hewa. Kipindupindu hakijali dirisha, hutazama maji na chakula. Mpox, ambayo kisa chake cha kwanza nchini kilithibitishwa Taveta Julai 2024, huenea hasa kwa kugusana ngozi. Kwanza uliza ugonjwa unasafirije.

Na mazishi ya jirani? Ndugu msomaji, nenda. Makaburini ni mahali pa wazi. Vaa barakoa, simama kando kidogo, itikia dua, na rambirambi uzitoe nje. Usiingie chumbani kukaa. Akina mama ndio wenye shida kubwa, kwa kuwa desturi huwaweka ndani mikekani kutwa nzima. Waombe wenye msiba watandike mikeka nje, chini ya mwembe. Ukirudi, kwa siku tano au sita kula chakula chako barazani, madirisha ya mama yakae wazi, na ukiingia kumpa dawa vaa barakoa hata kama hujisikii mgonjwa, kwa sababu Korona huambukizwa siku mbili kabla ya dalili kuonekana. Homa au kikohozi kikianza, mtu mwingine amhudumie mama, nawe uende ukapimwe.