SOMO LA AFYA: Uvimbe wa Shingo, Sindano au Kinyama?

Katika maeneo mengi ya milimani Tanzania, rovu ni ugonjwa uliofahamika tangu enzi za mababu. Chumvi yenye madini joto imeupunguza, lakini bado wapo watu, hasa akina mama, wenye uvimbe kwenye tezi ya shingo. Kamati za parokia huombwa kuwachangia matibabu. Kabla ya kuchangia upasuaji, tuelewe swali analojiuliza daktari: je, uvimbe huu ni saratani? Mara nyingi sio. Kipimo ndicho kinachotofautisha.

Kipimo cha sindano
Daktari huchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kuvuta chembe chache. Chembe hizo hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Hakuna nusu kaputi wala kushonwa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ultrasaundi ikiwepo, humwonyesha daktari mahali pa kuchoma.

Kasoro zake ni mbili. Wakati mwingine hutoka damu tupu, na kipimo hurudiwa. Pili, zipo saratani za tezi zinazotambulika tu kwa kuona kama zimevunja ganda la uvimbe au kuingia kwenye mishipa ya damu. Matofali machache hayawezi kukuambia kama ukuta wa nyumba umepasuka.

Kipimo cha kinyama
Hapa huchukuliwa kipande chenyewe. Sindano nene kidogo hutoa kinyama chembamba kama uzi, ila nacho huenda kisionyeshe ganda lote. Kwa uvimbe wenye mashaka, daktari wa upasuaji huondoa nusu ya tezi na kuipeleka maabara ikiwa kwenye formalini. Jibu lake ni kamili zaidi, lakini gharama ni kubwa, na neva ya sauti inaweza kuumia. Anayeondolewa tezi yote humeza vidonge maisha yake yote.

Kipi kitangulie?
Kwa kawaida ni sindano. Majibu yake hupangwa katika makundi 6 ya mfumo uitwao Bethesda, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023. Uvimbe usio na saratani hufuatiliwa bila kisu, isipokuwa ukibana pumzi au kumeza. Wenye saratani hupangiwa upasuaji unaofaa. Wa katikati huweza kurudiwa sindano, au huamuliwa kwa kinyama. Hivyo vipimo hivi havishindani, hupokezana.

Wengine huogopa kwamba sindano "huchokoza" saratani isambae. Kwa sindano nyembamba jambo hilo ni nadra sana. Kuchelewa ndiko kwenye hatari zaidi.

Kazi ya kamati
Tusichangie kitanda cha upasuaji tu. Tuhesabu pia nauli, ada ya maabara na safari ya kufuata majibu. Kinyama kisichofika maabara hakimsaidii mtu, na majibu yaliyobaki kabatini hayaponyi. Kwa mchango wa upasuaji mmoja usiohitajika, wagonjwa kadhaa wangepimwa kwa sindano.

Maswali ya kujadili
1. Je, hapa kwetu yupo mwenye uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu, au aliyekaukwa na sauti? Nani atamsindikiza hospitali?
2. Wagonjwa tuliowachangia walipata majibu yao?
3. Je, bajeti yetu ina fungu la vipimo?